Safari ya visiwa kwa boti mwezi Juni: Unguja na Pemba sasa, Mafia ingoje Desemba

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tabata, Dar es Salaam. Likizo ya Juni nina siku nane, na ningependa kuzunguka visiwa kwa boti pamoja na mume wangu, watoto wetu wa miaka saba na kumi na miwili, na mama yangu mwenye miaka 68 ambaye magoti humsumbua. Nataka tuone Unguja, Pemba na Mafia, pamoja na visiwa vidogo vitakavyowezekana. Shemeji yangu alizunguka huko mwezi Februari akasema bahari ilikuwa imelala kama sahani. Mama anaogopa kwa sababu ya zile ajali za meli, na safari yake pekee ya majini mpaka leo ni pantoni ya Kigamboni. Tuanzie wapi, tumalizie wapi, na mama nimwambie nini?

Jibu: Mwalimu, mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba hofu yake ina msingi, wala sitaipuuza. Kwa siku nane za Juni, nenda Unguja na Pemba, na Mafia uiache hadi likizo ya Desemba. Visiwa vidogo uvichague vile vilivyo upande wa magharibi wa Unguja na wa Pemba, na kabla hujalipia tiketi yoyote, mpeleke mama Mbudya, kisiwa kidogo mbele ya Kunduchi, asubuhi moja ya Jumamosi. Ushauri huu wote umetokana na upepo na maji ya mwezi huo, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo, kisha nije kwenye safari yenyewe.

Nilifanya kazi katika vyombo vya abiria vya mwambao kwa zaidi ya miaka ishirini kabla sijaanza kuwapangia watu safari, na kosa ninalolikuta kila msimu ni lile la kupanga visiwa kwa ramani peke yake, kana kwamba bahari ni barabara iliyo sawa mwaka mzima. Wazee wa mwambao walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Shemeji yako hakukudanganya hata kidogo. Alisafiri kwa nyota ya Februari, nawe unasafiri kwa nyota ya Juni.

Mwaka wa bahari yetu una pepo kuu mbili. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na kuelekea mwisho wake bahari hutulia, jambo ambalo ndilo alilolikuta shemeji yako. Upepo wa kusi hutoka kusini na kusini mashariki. Huingia wakati wa masika, hushika nguvu Juni, Julai na Agosti, kisha hulegea kuanzia Septemba. Katikati ya pepo hizo hupita matlai, siku za upepo mwepesi ambazo manahodha wa majahazi huzipenda kwa starehe na kuzilalamikia kwa kuchelewa. Chini ya upepo kuna mkondo wa bahari unaoelekea kaskazini kando ya mwambao wetu mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na mkondo huenda upande mmoja, na mawimbi huwa marefu yenye migongo mipana. Wakati wa kaskazi hukabiliana, na mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama, yanayogonga chombo mfululizo.

Sasa tazama mahali Unguja ilipo. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, ni kilomita zipatazo 70, na njia inaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Maana yake ni kwamba mwezi Juni, unapokwenda, mawimbi yanakusukuma kutoka nyuma, nawe unaweza kudhani umezaliwa baharia. Unaporudi, boti ileile inayakabili mawimbi yaleyale kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele, inapanda na kushuka, na hapo ndipo mifuko ya kutapikia inapogawiwa. Wasafiri wengi wa Juni hupumbazwa na safari ya kwenda, wakala biriani mchana wa siku ya kurudi, na wakajuta kabla hata minara ya Unguja haijapotea nyuma yao. Mama asipimwe kwa safari ya kwenda. Ya kurudi ndiyo inayohitaji maandalizi.

Kuhusu boti zenyewe, kuna aina mbili, na tofauti yake ni muhimu kwa familia yako. Boti za kasi zenye matumbo mawili hufika Unguja kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili, nazo huondoka mara kadhaa kwa siku kutoka gati ya abiria iliyo mkabala na kanisa la Mtakatifu Yosefu. Meli kubwa za abiria na magari huenda polepole zaidi, na ndizo zinazobeba shehena na watu wa Pemba. Boti ya kasi inakufupishia mateso iwapo bahari imechafuka, lakini wepesi wake huifanya iruke. Meli kubwa huyumba taratibu, lakini kwa muda mrefu. Mimi, kwa mtu anayeogopa, kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ningechagua boti ya kasi ya asubuhi, ile ya kwanza kabisa, kwa kuwa upepo wa mchana huwa bado haujaamka.

Viti navyo vina siri yake. Watu hudhani daraja la juu, lenye viti vipana na kiyoyozi kikali, ndilo bora kwa mgonjwa au mzee. Kwa starehe ya mgongo ni kweli. Kwa tumbo si kweli, kwa sababu kadiri unavyopanda juu ndivyo chombo kinavyokuyumbisha zaidi, na kadiri unavyosogea kwenye omo ndivyo kinavyokurusha. Mahali palipotulia kuliko pote ni sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma. Fika mapema, saa nzima kabla ya kuondoka, ili upate kiti hapo, karibu na dirisha ambalo mama ataweza kuona mstari wa upeo wa macho. Asitazame simu, asisome, asitazame runinga. Asubuhi ale chakula chepesi kikavu, kwa mfano mkate au andazi moja na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Kukaa na njaa kunazidisha kichefuchefu badala ya kukipunguza. Dawa ya kuzuia kulewa bahari ipo madukani, lakini kwa umri wake, na hasa iwapo anatumia dawa za presha au nyingine yoyote, mfamasia au daktari ndiye amchagulie. Imezwe kabla ya safari kwa muda atakaoelekezwa, maana mtu aliyekwisha kuanza kutapika hawezi kufaidi kidonge.

Pepo nimezieleza; lililobaki ni maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa watu wa bara, na Tabata naihesabu bara kwa jambo hili, hulidharau kuliko yote. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, pamoja na siku moja mbili zinazofuata, ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti yake huzidi mita 3. Katikati ya siku hizo, mwezi unapokuwa nusu, huwa ni maji mafu, na tofauti hupungua hadi mita moja hivi. Kanuni ambayo kila mvuvi wa Unguja anaijua bila kutazama jedwali ni kwamba wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, yakajaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, una jedwali la maji la kukutosha: tarehe za mwanzo wa mwezi na zile za kumi na nne hadi kumi na saba ni bamvua.

Haya yanahusu nini magoti ya mama? Yanahusu sana. Mashua na boti ndogo za kwenda visiwani mara nyingi hazifungi kwenye gati. Zinasogea ufukweni, na abiria huingia majini hadi magotini au mapajani, kisha hupanda kwa ubavu au kwa ngazi ya nyuma. Maji yakiwa yamepwa kabisa, boti hukaa mbali na mnatembea juu ya mawe na majani ya bahari. Yakiwa yamejaa kabisa na kuna wimbi, boti inapanda na kushuka huku mtu akijaribu kuinua mguu. Kwa mzee, wakati mzuri ni nusu ya maji, yakiwa katikati ya kujaa au ya kupwa. Mwambie nahodha mapema kwamba una mtu wa magoti, na umtake aje na ngazi imara. Akikujibu kwamba vijana watambeba, tafuta nahodha mwingine. Nimeshuhudia bibi mmoja akidondoshwa majini namna hiyo, kwa nia njema kabisa, na likizo yao ikaishia palepale.

Tuje Unguja. Mkitoka bandarini Dar es Salaam, waelekeze watoto watazame mlango mwembamba wa bandari: kushoto Soko la Feri, kulia Kigamboni, na ghafla bahari wazi. Baada ya safari ya kutosha mtauona upande wa kulia mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, na huo ndio ishara kwamba Mji Mkongwe uko karibu. Pangeni usiku tatu mjini. Najua wageni hukimbilia fukwe za mashariki, lakini mwezi Juni upande huo ndio unaopokea kusi, na maji yakipwa katika fukwe kama Paje, bahari inasogea mbali kiasi kwamba watoto wataogelea kwenye dimbwi la kufikia kisigino. Siku mtakayotaka ufukwe wa kuogelea, nendeni Kendwa au upande wa magharibi wa Nungwi, ambako maji hayakimbii sana na kisiwa chenyewe kinakinga upepo.

Kwa visiwa vidogo, bandari yenu ni ufukwe wa Mji Mkongwe, na vituo vyote viko magharibi, ndani ya kivuli cha Unguja. Changuu iko umbali wa kilomita tano na ushei. Majengo yake yalijengwa mwaka 1893 kwa ajili ya jela, lakini hayakupata kufunga wafungwa. Yakawa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Watoto watapenda kobe wakubwa, ambao asili yao ni Shelisheli, waliofika kama zawadi mwaka 1919. Mama naye atapata kivuli na benchi. Karibu na hapo kuna Nakupenda, fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kumezwa yakijaa, na hapa ndipo kanuni ya mwezi inapokulipa: siku za bamvua, fungu liko wazi kabisa saa nne asubuhi. Ukienda alasiri ya siku hizohizo, hakuna fungu. Watembezaji wasio waaminifu hawatakuambia hilo mpaka mfike.

Chumbe ni kisiwa cha namna nyingine. Mwamba wake wa matumbawe umelindwa kama hifadhi tangu miaka ya 1990, idadi ya wageni wa siku ni ndogo, na gharama yake ni kubwa kwa familia ya watu watano. Kama bajeti haijalegea, iacheni bila majuto. Mnemba, ambayo mtaiona katika kila tangazo, iko kaskazini mashariki na kisiwa chenyewe ni cha hoteli ya watu wenye uwezo mkubwa, kwa hiyo mnalipa ili kuogelea pembeni, katika mwezi wenye mawimbi, mkiwa mmezungukwa na boti zinazowakimbiza pomboo. Sioni sababu. Kizimkazi nendeni kwa gari na si kwa boti, kwa kuwa iko kwenye ncha ya kusini inayopokea upepo usoni. Msikiti wake wa Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na kwa mwalimu nadhani hilo ni somo zuri kuliko kumkimbiza pomboo.

Pemba ndiyo itakayowalipa jasho lenu. Iko kilomita zipatazo 50 kaskazini mwa Unguja, na watu hudhani ni Unguja nyingine ndogo, ilhali ni nchi tofauti kwa sura na kwa mwendo. Unguja na Mafia zimekaa juu ya kina kifupi cha bahari kilichoungana na bara. Kati ya Pemba na bara kuna mlango wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, na kisiwa kimekaa peke yake kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana kina viumbe vyake, akiwemo popo wa Pemba, popo mkubwa mla matunda asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mnaweza kumwona Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, akining'inia juu ya miti mchana kweupe kwa mamia. Udongo wake una rutuba na ardhi imejaa vilima na mabonde, tofauti na Unguja iliyo tambarare. Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani. Mikarafuu imejaa kila kilima, na mkibahatika kukuta mavuno, barabara nzima inanukia karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi.

Lakini njia ya kufika huko ndiyo ngumu kuliko zote, na sitakuficha. Mkishapita ncha ya Nungwi, kinga ya Unguja imekwisha, na mawimbi ya bahari kuu yanakuja kwa ubavu. Chombo hakipandi na kushuka tena. Kinalala upande huu na upande ule. Kwa hatua hii ningewashauri meli kubwa kuliko boti ndogo ya kasi, hata kama inatumia saa nyingi zaidi, kwa sababu uzito ndio dawa ya mawimbi ya ubavu. Meli hizo hutia nanga katika mji wa Mkoani, Pemba, na haziendi kila siku, kwa hiyo ratiba ya Pemba ndiyo ipangwe kwanza, na siku za Unguja zijazwe kuizunguka. Watu wengi hufanya kinyume, wakajikuta wanasubiri meli siku tatu.

Mkiwa Pemba, kisiwa kidogo cha kutembelea ni kimoja tu, Misali, kilicho magharibi ya Chake Chake, na boti zake huondoka Wesha au Mkoani. Simulizi la wenyeji ni kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kuswalia, akakosa, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala, maana kimeelekea Kibla. Na jina lake likatokana na hilo. Matumbawe yake ni ya kupigiwa mfano, na wavuvi wenyewe wa Pemba wamekuwa walinzi wake kwa muda mrefu. Kiko upande uliokingwa, kwa hiyo hata Juni asubuhi yake huwa ya utulivu. Kama siku inabaki, kaskazini kuna msitu wa Ngezi, na Pujini kuna magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi yake ya ukali bado hutumika kutisha watoto. Hoteli za Pemba ni chache na za kawaida. Ulizeni mapema, na mavazi yawe ya stara mnapotembea vijijini.

Mafia nimeitoa kwenye orodha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni njia. Hakuna boti ya kawaida ya abiria kutoka Unguja au Pemba kwenda Mafia. Ni lazima urudi Dar es Salaam, upande gari la barabara ya Kilwa hadi Bungu, ukunje kuelekea Nyamisati kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ndipo uvuke kwa kivuko hadi Kilindoni. Ukiiweka ndani ya siku zako nane, siku mbili au tatu zitakwisha barabarani na gatini. Ya pili ni majira. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hula viumbe vidogo vya majini na hana madhara kwa mtu, hukusanyika mbele ya Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Ukienda Juni utakuwa umepiga hodi mwenyeji akiwa safarini. Likizo ya Desemba itakukuta wakati wake, na hapo utapata pia visiwa vya Chole na Juani ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini kwetu. Juani kuna magofu ya Kua, mji ulioangamizwa na wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Unavuka kwa mashua wakati wa maji kujaa, na kama mnapenda mnarudi Chole kwa miguu yakipwa. Mama atabaki kijijini Utende, Mafia, akila kaa.

Sasa hofu ya mama. Ajali anazozikumbuka ni za kweli. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Zote mbili zilizama katika msimu wa kusi, na ile ya kwanza ilikuwa imepakia watu kupita mno uwezo wake. Sisi tuliokuwa kazini miaka ile hatuwezi kuzitaja bila kunyamaza kidogo. Kwa hiyo usimwambie mama kwamba hakuna hatari; mwambie kwamba hatari ya bahari ina dalili, na dalili hizo mtu wa kawaida anaweza kuzikagua. Vyombo vinavyofanya safari hizi leo vinasimamiwa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, upande wa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini upande wa Zanzibar, na safari huahirishwa upepo ukizidi. Kuahirishwa kwa safari ni habari njema, hata kama imekuharibia ratiba.

Yeye na wewe mkague haya. Tiketi zote, pamoja na za watoto, ziwe na majina sahihi, kwa sababu orodha ya abiria inatokana nazo. Asiyekuwemo kwenye orodha hatafutwi. Tiketi inunuliwe dirishani au kwa njia rasmi ya kampuni, kamwe si kwa kijana anayekudaka barabarani akisema boti imejaa lakini yeye ana nafasi. Mkishakaa, onyesheni watoto mahali maboya yalipo na milango miwili iliyo karibu. Chombo kikionekana kimepakiwa hadi watu wanakaa kwenye njia na ngazi, shukeni; hasara ya nauli inavumilika. Kwa boti ndogo za visiwani, sharti langu ni kwamba kila mmoja avae boya linalomtosha kabla injini haijawashwa, na mtoto wa miaka saba asipewe la mtu mzima, kwa kuwa litamvuka kichwani akiangukia majini. Muwe mmerudi kabla ya saa nane mchana. Jioni ya kabla ya kila safari, sikilizeni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: ikitajwa kwamba upepo utafika kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, boti kubwa huenda zikasafiri, lakini ninyi hamna sababu ya kupanda mashua.

Jaribio la Mbudya ndilo litakalokuambia zaidi ya maneno yangu. Pantoni ya Kigamboni haimpimi mtu, kwa sababu inavuka ndani ya bandari iliyofungwa. Nendeni Kunduchi saa mbili asubuhi, vukeni kwa boti ndogo inayochukua nusu saa hivi, kaeni chini ya banda, mle samaki wa kuchoma, na mrudi mapema. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, kwa hiyo mtalipa kiingilio cha hifadhi, na kwa raia si kikubwa. Akirudi Kunduchi anacheka, kateni tiketi ya Unguja. Akirudi amekunja uso, msimlazimishe. Iko ndege ya muda mfupi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, na mnaweza kukutana naye Mji Mkongwe akiwa amevaa buibui lake safi, nanyi mmelowa chumvi.

Kuhusu mgawanyo wa siku, ningeuweka hivi: siku ya kwanza hadi ya tatu Unguja, ya nne kuvuka kwenda Pemba, ya tano na ya sita Pemba, ya saba kurudi Unguja, na ya nane iwe ya kurudi nyumbani, huku mkiwa mmeomba ruhusa ya siku moja zaidi kazini. Siku hiyo ya ziada ni ya upepo, na iwekwe mwishoni Unguja, ambako boti ni nyingi, wala si Pemba, ambako meli moja ikiahirishwa mnaweza kungoja sana. Bebeni vitambulisho vya taifa na nakala za vyeti vya watoto, na mifuko ya plastiki muiache nyumbani, maana imepigwa marufuku pande zote mbili. Kabla ya kuthibitisha tarehe, tazama mwezi angani: ukiweza kuifanya siku ya Changuu iangukie siku mbili baada ya mwezi mpevu, fungu la Nakupenda litakuwa limeibuka asubuhi, na mwezi mkubwa utawaangazia Forodhani usiku mkila urojo.